Pesa mkononi, nyumba hakuna! Yaliyonikuta Guangzhou

ASIKUDANGANYE mtu kwamba pesa inafungua kila mlango. Mimi mwenzenu nimezunguka jiji la Guangzhou, kule China, nikiwa na kodi ya miezi mitatu kwenye pochi ya kiunoni, na bado nikamaliza wiki nzima sina nyumba. Siyo kwamba vyumba vilikuwa vimejaa. Vilikuwepo tele, vingine vina kitanda, friji na mashine ya kufulia humo humo. Aliyekosekana ni mwenye nyumba wa kunitaka mimi.

Ilikuwa Septemba 2023. Shangazi yangu ana duka la nguo Kariakoo, na kabla ya korona alikuwa anaifuata mizigo mwenyewe. China ilipofungua tena mipaka Januari 2023, miguu yake ikawa imeshagoma. Akaniangalia mimi niliyekuwa nashinda nyumbani na cheti changu cha kidato cha nne, akasema, "Wewe si unajifanya mjanja wa mjini? Haya, nenda." Nikapata viza ya biashara ya siku 90. Kiingereza cha kuombea maji ninacho. Kichina sifuri.

Nilifikia hoteli moja mtaa wa Xiaobei, ambako Waafrika tumezoea kufikia. Yuan 190 kwa usiku, yaani kama shilingi 65,000 kwa wakati ule. Siku ya nne shangazi akapiga simu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Siku tisini utalala hotelini? Unataka kunifilisi, mtoto wewe? Tafuta nyumba! Ukiondoka wewe anakuja binamu yako, mtaitumia wote."

Nikajisemea moyoni, kwani nyumba ni kitu gani? Hapa Dar nimeshahangaika na madalali mpaka nikawa mtaalamu. Dalali anakutembeza juani, mnaona chumba ambacho picha yake na chenyewe ni vitu viwili tofauti, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita au mwaka mzima, dalali naye anadai mwezi wake mmoja. Ukilipa umeingia. Habari za kujitambulisha kwa mjumbe utazijua mbele ya safari.

Basi bwana, kule dalali ana ofisi! Kioo kikubwa kimebandikwa picha za nyumba, na kijana ndani amevaa shati jeupe na tai kama karani wa benki. Hela yake ni nusu ya kodi ya mwezi. Nikaona mambo si ndiyo haya, Wachina wamestaarabika. Nikamwonyesha kwa vidole: chumba kimoja, jiko, choo, isizidi yuan 2,500. Akatabasamu, akachukua simu.

Watu wengi wakifika ugenini neno la kwanza wanalojifunza ni asante. Langu lilikuwa waiguoren, maana yake mtu wa nchi ya nje. Nilijifunza kwa kusikiliza zile simu. Kijana anaanza vizuri, anacheka, anataja bei, halafu anasema waiguoren. Upande wa pili kimya. Halafu wanauliza kitu, naye anajibu kwa sauti ya chini, Feizhou. Hiyo ni Afrika. Hapo simu inakatwa. Siku ya kwanza alipiga simu sita. Mpaka ya nne nilikuwa nimeshaelewa mchezo: likitoka lile neno la kwanza tunabaki na matumaini kidogo, likitoka la pili tunahamia nyumba nyingine.

Roho iliniuma, sifichi. Lakini nilivyozidi kukaa na wenyeji wa pale nikajua kwamba kuna mengi nyuma ya ile simu kukatwa.

Kwanza ni polisi. China ina sheria ya wageni iliyopitishwa mwaka 2012, ikaanza kutumika Julai 2013. Inasema mgeni asiyelala hotelini lazima aandikishwe kituo cha polisi cha mtaa ndani ya saa 24 tangu alipoingia kwenye hiyo nyumba. Hotelini huoni kero hiyo, maana mapokezi wanakuandikisha wenyewe wakishika pasipoti yako. Ukipanga, mzigo unakuwa wako na wa mwenye nyumba. Polisi wanataka pasipoti na viza, wanataka mkataba, wanataka kitambulisho cha mwenye nyumba na hati yake ya nyumba. Usipojiandikisha, faini inaweza kufika yuan 2,000. Sasa mwenye nyumba gani anataka kupanga foleni polisi kwa ajili ya mtu asiyemjua? Halafu akishaandika pale kwamba ana mpangaji, serikali imejua anapokea kodi, na watu wa mapato nao wana macho. Kuweni wakweli, ni wenye nyumba wangapi hapa Bongo wanaopenda TRA wajue idadi ya wapangaji wao?

Pili ni sisi wenyewe. Mtu anapanga chumba peke yake, baada ya mwezi wamelala wanane, mabegi ya mizigo mpaka kwenye ngazi. Hayo nimeyaona kwa macho yangu, sikuhadithiwa.

Na tatu ni korona. Aprili 2020 Waafrika wengi wa Guangzhou walitolewa kwenye nyumba na hoteli, hata waliokuwa na kodi zao na karatasi zao safi, wakalala vibarazani na chini ya madaraja. Mabalozi wa Afrika mjini Beijing waliandika barua kulalamika. Niliowakuta Xiaobei mwaka 2023 walikuwa wachache kuliko anavyosimulia shangazi, na kila mmoja alikuwa na lake la kueleza kuhusu mwezi ule. Hofu ilibaki pande zote mbili. Mpangaji anaogopa kufukuzwa, mwenye nyumba anaogopa kuulizwa.

Siku ya sita nikakaribia kufanya upuuzi. Kijana mmoja Mwafrika, siyo wa kwetu, akanipeleka Sanyuanli. Ni mtaa uliokuwa kijiji zamani, jiji likakua likauzunguka. Maghorofa yamebanana mpaka ukinyoosha mkono dirishani unamgusa jirani wa jengo la pili. Wachina wenyewe wanayaita majumba ya kupeana mikono. Chini vichochoro, jua halifiki, nyaya juu kama utando wa buibui. Chumba yuan 1,400. Mwenye nyumba, jamaa mmoja kava bukta na kandambili, hakuuliza hata jina langu. Yule kijana akanitafsiria: "Anasema hakuna polisi, hakuna karatasi. Ukilipa leo unalala leo."

Jamani, baada ya simu zote zile, mtu anakwambia lala leo! Nilishaanza kufungua zipu ya pochi. Bahati nikakumbuka kumpigia shangazi.

"Karatasi ya polisi ipo?"

"Anasema siyo lazima, shangazi."

"Basi hiyo siyo nyumba, hicho ni kificho. Toka hapo."

Nikatoka. Yule jamaa wa bukta akacheka, akawasha sigara yake.

Kesho yake nilirudi kwa kijana wa tai kumuaga, ndipo akasema kuna mama mmoja amekubali kuniona. Sikilizeni vizuri: siyo mimi kuiona nyumba, yeye kuniona mimi. Tukaenda. Jengo la zamani la ghorofa saba, halina lifti, na nyumba yenyewe ipo juu kabisa. Mama alitutangulia ngazi zote hizo akiwa ameshika goti. Umri wake ulikuwa zaidi ya miaka sitini, nywele fupi, koti la maua. Anaishi ghorofa ya pili. Wachina mama mtu mzima wanamwita ayi, kama sisi tunavyomwita mtu shangazi ingawa hatuna undugu naye, nami nikamwita hivyo hivyo.

Usaili niliofanyiwa pale hata kazini sijawahi kufanyiwa. Alisoma pasipoti yangu ukurasa kwa ukurasa. Kwa programu ya kutafsiri kwenye simu akaniuliza kazi yangu, umri wangu, kama mama yangu yu hai, kama napika, napika nini, kama mafuta yanaruka. Nikamwambia napika uji mgumu wa mahindi. Simu ikamtafsiria sijui nini, akashtuka, akataka kuonyeshwa picha. Nikamtafutia picha ya ugali na samaki. Akaangalia muda mrefu, akasema neno moja ambalo simu ililileta hivi: "Jiwe?"

Tukacheka wote, na nadhani ni ule ugali ulionipatia nyumba.

Bei alitaka 2,500, tukaishia 2,300. Guangzhou utaratibu wa kawaida ni dhamana ya miezi miwili pamoja na kodi ya mwezi wa kwanza. Jumlisha nusu mwezi ya dalali, jumla yuan 8,050, zaidi ya shilingi milioni mbili na laki saba, siku moja! Hata hivyo ni nafuu kuliko kumpa mtu kodi ya mwaka mzima, na ile dhamana unarudishiwa mwishoni kama hukuvunja kitu na hukuondoka kabla ya muda. Mkataba wa miezi sita, wote kwa Kichina. Kijana wa tai alinisomea kifungu kwa kifungu. Nilipiga picha kila ukuta, kila ufa, mita ya umeme na ya maji, kama shangazi alivyoniagiza. Mwishoni ayi akachukua kalamu akaongeza mstari kwa mkono wake. Nikauliza ni nini. Kijana akainua kidole kimoja: mtu mmoja. Tukaweka saini na dole gumba la wino mwekundu.

Jioni ile ile akanipeleka polisi. Tulikaa kwenye viti vya plastiki kama saa moja na nusu, yeye kaipakata hati yake ya nyumba kwenye mfuko wa nailoni. Askari akachapa, akaniangalia, akachapa, akagonga muhuri. Karatasi moja tu. Jina langu, namba ya pasipoti, anwani, na jina la ayi kama mwenye nyumba. Yaani kama wewe mjumbe wako angetakiwa aende kituoni kukusemea, na ukiharibu anaulizwa yeye. Ayi aliitazama ile karatasi, akanitazama mimi, hakusema kitu.

Maisha ya mle ndani yalikuwa bomba, na vituko navyo havikukosekana. Kitanda kigumu kama meza ya fundi mbao. Choo cha kuchuchumaa na bomba la kuogea viko pamoja, ukioga unasafisha na choo. Maji ya moto yanatoka kwenye mtambo wa gesi ukutani, unalipuka "bwuu!" ukifungua bomba, wiki ya kwanza nilikuwa naoga nimekaa mkao wa kukimbia. Nguo zinaanikwa kibarazani kwenye mti mrefu unaoushusha na kuupandisha kwa kamba. Siku niliyokaanga dagaa madirisha ya jirani yalifungwa moja baada ya jingine, pa, pa, pa. Ayi akapanda ngazi zote kuja kunusa. Nikamwonjesha. Akaondoka na bakuli.

Tarehe 29 Septemba ilikuwa sikukuu yao ya mbalamwezi, akaniletea keki zao za duara zenye kiini cha yai la chumvi ndani. Sikuzipenda, nilizimaliza kwa heshima.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike.

Pale Xiaobei kulikuwa na dada mmoja wa Tanga, tulikuwa tunakutana kwenye mgahawa wa chakula cha kiafrika. Kazi yake kusuka. Wiki yangu ya kwanza, nikiwa nimechanganyikiwa na zile simu, alinisuka nywele nzima na akakataa hela. Akasema, "Utanilipa ukipata kwako, mdogo wangu." Viza yake ilikuwa imeisha miezi mingi iliyopita. Kule kila siku unayozidisha ni yuan 500, mpaka ifike 10,000, au wanakuweka ndani. Dada wa watu alikuwa hana hata elfu moja, basi anaishi kwa kuhamahama, leo kwa huyu kesho kwa yule, askari wa ukaguzi wakionekana mtaani anaingia duka lolote anajifanya anachagua viatu.

Usiku mmoja wa Novemba, saa tano, simu ikaita. Alipokuwa analala pamekaguliwa. Yuko chini ya jengo langu na begi. "Siku mbili tu, mdogo wangu. Nimekwama."

Sheria niliijua. Anayemficha mgeni asiye na kibali faini inaanzia yuan 2,000 mpaka 10,000, na ikionekana ni kosa kubwa anawekwa ndani. Na karatasi ya polisi ina majina mawili, langu na la ayi. Nilisimama gizani sebuleni kama dakika tano hivi. Hotelini hawezi kwenda, mapokezi wataifungua ile pasipoti. Nikashuka pekupeku ili ngazi zisilie, nikampandisha.

Siku mbili zikawa nne. Tulikuwa tunanong'ona kama wezi. Taa moja, televisheni tumezima, maji ya moto tunaoga kwa zamu haraka ili mita isiende mbio. Alinisuka upya. Alinisimulia mtoto wake aliyemwacha kwa bibi, ana miaka saba, kila akipiga simu anaulizwa baiskeli imefika wapi.

Siku ya tano asubuhi ayi akapanda na bili ya maji. Kule viatu vinavuliwa nje ya mlango. Nikafungua nikiwa natabasamu. Yeye hakunitazama mimi, alikuwa anatazama chini. Raba zangu, na pembeni yake viatu vya dada wa Tanga, vyekundu, vidogo kuliko vyangu.

Hakupiga kelele. Aliinua vidole viwili, akanionyesha. Kisha akatoa simu, akaiambia kitu, ikasema kwa Kiingereza chake cha mashine: karatasi ina jina langu, mimi ni mzee, leo. Hilo "leo" akalirudia kwa Kichina. Akaniachia bili, akashuka ngazi, mkono umeshika goti.

Ningemwambia nini? Angeweza kupiga simu kituoni, hakupiga. Angeweza kunifukuza akabaki na dhamana yangu ya miezi miwili, na mkataba ungempa haki.

Dada alikuwa amesikia yote akiwa jikoni. Alishaanza kufunga begi. Nilitoa yuan 600 zilizobaki kwenye hela yangu ya matumizi, akazichukua bila kuhesabu. Nikaanza kujieleza, mara mkataba, mara shangazi, mara sheria. Akasema, "Usijali, mdogo wangu. Nyumba siyo yako." Hakuwa na hasira hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyonimaliza. Nilimsindikiza mpaka ngazi ya ghorofa ya tatu. Ya pili sikutaka kupita naye mbele ya mlango wa ayi. Akaenda peke yake.

Simu yake ikaendelea kuita siku mbili tatu, baadaye ikawa haipatikani. Niliuliza Xiaobei. Mmoja akasema amejisalimisha ili arudishwe nyumbani, mwingine akasema amehamia Foshan.

Wiki ya kwanza ya Desemba binamu yangu akatua. Viza yangu ilikuwa imebakiza siku mbili, kwa hiyo tungelala wawili. Nikashuka mwenyewe ghorofa ya pili, nikagonga, nikamweleza ayi kwa ile programu mapema kabisa, safari hii sifichi kitu. Akachukua hati yake kwenye mfuko ule ule wa nailoni, tukaenda polisi watu watatu. Foleni ilikuwa ndefu. Askari alipouliza wangapi, ayi akainua vidole viwili, akanigeukia, akacheka.

Kwenye viti vya plastiki, tukisubiri muhuri, akatoa simu yake akaisemesha polepole. Akanisogezea nisome. Iliandikwa: yule mwenye viatu vyekundu, alipata nyumba?

Binamu yangu akaniuliza anasemaje. Nikamwambia anauliza habari za maji. Kwa ayi nikaitikia kwa kichwa: ndiyo, alipata.